Mjadala: Je, viota vya ndege kwenye maghorofa ya Mwanza vibomolewe?

Mleta mada:

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili jambo ambalo limeanza kuwagawa wakazi wa maghorofa hapa jijini: je, uongozi wa jengo uwe na uhuru wa kuwaondoa ndege kwa njia yoyote unayoiona inafaa? Katika jengo ninamoishi, Isamilo, limeletwa pendekezo la kuangusha viota vyote kwa mti mrefu, kuweka miiba ya chuma kwenye kingo za madirisha, na kuwamwagia ndege watakaorudi mahindi yaliyotiwa sumu juu ya paa. Ninaunga mkono kuwazuia ndege wasijenge majengoni. Ninapinga kuguswa kwa kiota chenye mayai au makinda kabla makinda hawajaruka, na sumu ninaipinga moja kwa moja.

Mwanza ni mji wa mawe. Yule njiwa wa mwituni mwenye madoadoa meupe mabawani na wekundu kuzunguka macho ametaga kwenye nyufa za majabali tangu kabla ya saruji kufika hapa, na kwake yeye ukingo wa ghorofa ya nne, nyuma ya mashine ya kiyoyozi, ni jabali jingine: kivuli kipo, mvua haimpigi na paka hamfikii. Kiota kilicho nje ya dirisha la jiko langu kimejengwa kwa vijiti vichache, nyuzi za dekio na vipande vya waya wa kufungia nondo. Ndani yake mna mayai mawili meupe, na kinyesi kimeganda pembeni hadi kimeufuata mfereji wa bomba ukutani. Sikatai kwamba huo ni uchafu, na anayeishi chini yake ana haki ya kulalamika.

Lakini si kila ndege wa ghorofani ni njiwa. Wapo wale wadogo weusi wenye alama nyeupe juu ya mkia, ambao wengi wetu tunawaita mbayuwayu, wanaogandisha manyoya na nyasi kwa mate yao chini ya dari za roshani na kukaa kwa makundi. Chakula chao ni wadudu wanaoruka. Kila anayeishi kando ya Ziwa Viktoria anawajua wale wadudu wasiouma wanaoinuka majini kama moshi na kuzifuata taa za nyumba zetu, na anayebomoa viota vya mbayuwayu ajue anawafukuza walaji wa wadudu wa aina hiyo.

Kuhusu mbinu zenyewe, miiba humzuia njiwa asitue, ila haifai pasipo na usafi, kwa sababu takataka zikinasa katikati yake shomoro hupata msingi mzuri wa kiota. Watafiti wa Uholanzi walieleza mwaka 2023 viota ambavyo ndege wa jamii ya kunguru walikuwa wamevijenga kwa miiba hiyohiyo ya kuwafukuzia ndege. Sanamu za bundi na kelele huzoeleka upesi. Wavu ulionyooshwa vizuri ndio unaofanya kazi: matundu ya milimita 50 yanatosha kumzuia njiwa, na kwa shomoro yasizidi milimita 19 hivi. Ila nawasihi wasimamizi wa majengo wasitumie timba, ule wavu wa uzi mmoja wa plastiki, kwa sababu ndege hauoni, hunasa na kufa akining'inia mbele ya madirisha ya watu.

Kuua nako kumekwisha kujaribiwa kwingine. Mji wa Basel, Uswisi, uliua njiwa wapatao 100,000 kati ya mwaka 1961 na 1985, na idadi yao ikabaki palepale, kwani chakula kilikuwapo na nafasi ya aliyekufa ilijazwa na mwingine. Walipoanza mwaka 1988 kuwaelimisha wakazi waache kuwalisha, ndipo makundi yalipoanza kupungua. Hapa kwetu njiwa aliyekula sumu ataanguka uani kwa watoto, au ataliwa na mwewe au korongo marabu, na sumu itaendelea na safari yake.

Jibu la mpangaji wa ghorofa ya chini, Nyegezi:

Kaka yangu mleta mada, nimekusoma kwa makini na kuhusu sumu tuko pamoja. Hata hivyo, wewe unaviona viota kwa dirishani, ilhali mimi kinyesi chake nakipokea kwenye kamba ya nguo. Mwanangu ana pumu. Maji ya mvua yanapita kwenye gata zilizojaa uchafu huo na kuingia katika tangi ambalo sote tunachota. Unasema tusubiri makinda waruke, lakini njiwa hana msimu mmoja: huyu akimaliza, yule anaanza, na mara nyingine jike hutaga tena kabla makinda wa kwanza hawajaondoka. Kwa utaratibu wako hatutapata siku ya kuanza kazi. Afya ya mtoto itangulie, viota vishushwe sasa. Pia hujasema nani atalipa, na sisi wapangaji tunajua gharama za namna hiyo huishia kwenye kodi.

Mleta mada:

Dada yangu, pole kwa hali ya mtoto. Ulichosema kuhusu njiwa kutaga mfululizo ni kweli, na kinanilazimu kulieleza pendekezo langu vizuri zaidi. Mayai huatamiwa kwa wiki mbili hadi mbili na nusu hivi, na makinda hukaa kiotani wiki tatu hadi tano hivi. Hatuhitaji kusubiri jengo zima litulie. Kingo zote ambazo leo hazina kiota zizibwe leo, na kila penye kiota fundi awe na wavu tayari ili aweke siku ileile makinda wanapoondoka. Jike akitaga tena kabla ya hapo, ukingo huo mmoja utachelewa, lakini hautakuwa na majirani wapya.

Tangi halina haja ya kusubiri ndege yeyote. Mfuniko na wavu wa mdomoni viwekwe wiki hii, na bomba la gata litenganishwe mpaka gata zisafishwe. Kwa pumu ya mtoto, hatari kubwa iko kwenye kufagia kinyesi kikiwa kikavu, kwa kuwa vumbi lake linaweza kubeba vimelea vya kuvu vinavyoshambulia mapafu. Kilowanishwe kwanza kwa maji, anayekikwangua avae barakoa na glavu, na watoto wasiwe karibu. Kuangusha viota vikavu kwa mti, kama ilivyopendekezwa kwetu, kungelimwaga vumbi hilo lote kwenye uwanja wa ghorofa yako.

Juu ya malipo nakubaliana nawe kabisa. Pale sehemu za jengo zinapomilikiwa na watu mbalimbali chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008, kuta za nje na paa ni mali ya pamoja, kwa hiyo mfuko wa wamiliki ndio unaopaswa kugharamia. Pale mwenye nyumba anapokuwa mmoja, alipe yeye, kama anavyolipia paa linalovuja. Sisi wapangaji tutoe kilicho mikononi mwetu: mapipa yafunikwe, na makombo ya wali na chipsi yasitupwe uani, kwani ndiyo yanayowaita njiwa chini, na mara nyingine marabu pia.

Ombi langu kwa halmashauri ya jiji ni sharti moja kwenye vibali vya ujenzi: kingo za nje za ghorofa mpya zijengwe kwa mteremko wa nyuzi 45 au zaidi, na nafasi za nyuma ya viyoyozi zizibwe kabla watu hawajahamia. Njiwa hawezi kukalisha kiota kwenye mteremko wa namna hiyo. Mafundi na wahandisi mlio humu, tuambieni kuzungusha wavu kwenye jengo la ghorofa tano lililokwisha kujengwa kunagharimu kiasi gani kwa mita, ili tunapoingia kwenye kikao cha wakazi tuwe na hesabu mkononi.