"Kila kitu kimelipiwa" kwenye meli za kitalii ni usanii: pombe analipishwa hadi asiyekunywa, pasi ya nguo wanakunyang'anya

Wakuu, nimeshuka kwenye meli ya kitalii hivi karibuni na hasira haijaisha, kwa hiyo mnivumilie, uzi ni mrefu. Kampuni siitaji, maana nimepitia masharti ya kampuni nyingine na naona lao moja.

Nianze na vinywaji, kwa sababu hapo ndipo nilipopigwa vizuri. Nauli inakupa chumba, chakula cha kawaida na burudani. Kwenye vinywaji unapewa maji ya bomba, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya asubuhi, basi. Soda unalipa. Kahawa ya mashine yenye povu unalipa. Bia ndiyo usiseme. Halafu wanakuletea "suluhisho", yaani kifurushi cha vinywaji, unalipa mara moja unakunywa utakavyo.

Sasa sikilizeni sharti lake. Mimi bia nakunywa, mke wangu hajawahi kuonja pombe maishani. Nikinunua kifurushi cha pombe, naye lazima anunuliwe, kwa sababu watu wazima wote wa kabini moja wanahesabiwa pamoja! Nikauliza kwa nini, nikajibiwa eti tutaazimana glasi. Yaani mke wangu anatozwa hela ya pombe kwa kosa la kulala chumba kimoja na mumewe.

Na huwezi kukinunua kwa siku moja moja. Ni safari nzima, pamoja na zile siku ambazo meli imetia nanga, mmeshuka asubuhi kutembea, mnarudi jua linazama. Ni bando linaloisha muda wake ukiwa umelala. Juu ya bei hiyo wanaongeza asilimia ya huduma, kwa kampuni nyingi ni 18 au zaidi, na hiyo huioni kwenye ile bei kubwa ya tangazo, unakutana nayo wakati wa kulipa. Kifurushi chenyewe kina dari: kinywaji kikizidi bei fulani unaongezea tofauti. Baadhi ya kampuni zimeweka na kikomo cha vinywaji 15 vya pombe kwa siku. Kikomo hicho hakinisumbui, anayefika 15 ana matatizo mengine. Kinachonisumbua ni kwamba ukitaka hela yako irudi inabidi unywe kama unalipwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na hakuna mhudumu atakayekupigia. Chukua bei ya kifurushi kwa siku pamoja na ile asilimia, gawanya kwa bei ya glasi moja ya unachokunywa. Kwa wenye wenza wasiokunywa, zidisha kwa mbili kwanza. Jibu likizidi idadi unayokunywa siku ya kawaida (siyo siku ya harusi), achana nacho, nunua glasi moja moja. Na kama bado unakitaka, nunua kabla ya safari mtandaoni, mara nyingi ni nafuu kuliko ukishapanda. Kuna kampuni zinazokubali mwenza asiyekunywa achukue kifurushi cha soda na juisi badala ya cha pombe, ila lazima upige simu mwenyewe uombe. Kwenye tovuti hakuna pa kubofya. Hilo nimelijua nikiwa tayari katikati ya bahari, kutoka kwa abiria wa meza ya jirani!

Kitu kingine kidogo lakini kiliniudhi kupita maelezo: chupa za maji wanazozipanga kabini, zimepangwa vizuri ungedhani zawadi. Ukifungua, umenunua. Na ukinunua kinywaji baa, risiti inakuja na asilimia ya huduma tayari imo ndani, halafu chini wameacha mstari mtupu uandike tipu. Watu wengi wanaandika, wanalipa mara mbili. Someni risiti kabla ya kusaini.

Chakula, niseme haki, sina ugomvi nacho. Ukumbi mkuu na bafe vimo kwenye nauli na unashiba. Ugomvi wangu ni ile migahawa ya kulipia: siku ya kwanza tu mmepanda, kila kona kuna kijana ameshika tableti anataka ufanye miadi, na anaongea kana kwamba usipolipia utalala njaa. Hutalala njaa. Mpite. Bafe ya mchana ule wa kupanda ina foleni ya kutisha kwa sababu wote wanakimbilia huko. Ulizeni kama ukumbi mkuu umefunguliwa, kwenye meli nyingi huwa wazi na nusu tupu. Na naweni mikono kwa sabuni kabla ya kugusa koleo la bafe. Ile dawa ya kupulizia mlangoni haitoshi kwa norovirusi, na ugonjwa huo wa kuhara na kutapika ukiingia melini unasambaa haraka.

Sasa mizigo. Mabegi makubwa wanayachukua bandarini, yanapitishwa kwenye mashine, halafu yanaletwa mlangoni kwako yakifika. Ya wenzetu yalifika jioni. La kwangu halikufika kabisa. Nikaja kuambiwa liko chini kwa walinzi, nikapange foleni. Kufika, nafunguliwa begi mbele za watu kama mhalifu, inatolewa pasi, inatolewa na ekstensheni. Vyote vinabaki kwao hadi siku ya mwisho.

Naelewa moto baharini si mchezo. Mwaka 2006 meli ya Star Princess iliungua ikiwa Karibiani, chanzo kilichotajwa ni kipisi cha sigara kwenye roshani, na abiria mmoja alifariki. Naelewa pia kwamba umeme wa meli haujafungwa kama wa nyumbani, ndiyo maana ekstensheni zenye kinga ya umeme unaopanda ghafla (surge protector) hawazitaki kabisa. Sawa. Lakini kampuni hiyohiyo inayonyang'anya pasi ina usiku wa mavazi rasmi, inataka shati lililonyooka, na melini hakuna chumba cha kujipigia pasi. Kuna dobi. Dobi ni wa kulipia, shati moja moja! Hapo nikaelewa biashara ilivyopangwa.

Kwa hiyo mnaojiandaa: pasi, birika la umeme, mishumaa, acheni nyumbani. Bebeni nguo zisizokunjika. Begi la mkononi liwe na dawa zote, pasipoti, chaja, nguo ya kubadilisha na ya kuogelea, kwa sababu hamjui begi kubwa litafika saa ngapi. Soketi kabini ni chache, chukueni kichwa cha chaja chenye matundu kadhaa ya USB kisicho na kinga ya umeme. Kuta ni za chuma, kulabu za sumaku zinasaidia sana kutundika kofia na taulo mbichi. Mvinyo, kampuni nyingi zinaruhusu chupa moja ya mililita 750 kwa mtu mzima siku ya kupanda tu, na ukiipeleka ukumbini unatozwa ada ya kuifungua. Ndiyo, chupa yako mwenyewe. Pombe mnayonunua bandarini njiani inachukuliwa mlangoni, mnarudishiwa mwishoni.

Na angalieni akaunti ya chumba, ile inayoandikwa kila mnachotozwa melini, kila siku. Kuna bakshishi ya kila siku inayokatwa yenyewe kwa kila kichwa, mara nyingi hadi mtoto. Asubuhi ya kushuka foleni ya dawati la huduma, pa kulalamikia makato, ni ndefu, wengi wanakata tamaa wanaacha hela yao. Wenye kadi za benki za kawaida, jueni wanazuia kiasi fulani na kinaweza kukaa siku kadhaa baada ya kushuka.

Najua watakuja wa "ungesoma masharti". Masharti nimeyasoma, yako kwenye kurasa ambazo hakuna anayekupeleka mpaka umeshalipa amana.

Ninachotaka kujua: kuna mtu humu amewahi kudai hela ya kifurushi cha mwenza asiyekunywa na akarudishiwa? Alimwandikia nani, na alisema nini? Mimi barua yangu imejibiwa na mashine. Wale wa "kama huna hela usipande meli", uzi huu si wenu.