Mzee anaanguka usiku akienda chooni, na presha kliniki inasoma vizuri

Kandili:
Habari za humu wakuu. Mzee wa kiume, miaka 79, ana kisukari kwa miaka 16. Anatumia metformini ya sukari, amlodipini ya presha miligramu 10, haidroklorothiazaidi (dawa ya kukojoza) anayoimeza jioni, tamsulosini kwa ajili ya tezi dume, na amitriptilini miligramu 25 kwa miguu kuwaka moto. Ndani ya wiki sita ameanguka mara tatu, zote kati ya saa nane na saa kumi usiku, hatua mbili tatu tu kutoka kitandani. Hapotezi fahamu, anasema giza linamjia machoni. Sukari ilipimwa papo hapo mara mbili na haikuwa imeshuka. Kliniki, akiwa amekaa, presha ni 136/78. Kila anayeulizwa anajibu "uzee huo". Nianzie wapi?

Mizani:
Anzia kwenye mashine ya presha, ila msimpime akiwa amekaa. Kipimo cha kukaa hakisemi chochote kuhusu kinachotokea akisimama.

Alale chali dakika 5 bila kuzungumza, mpime. Asimame, mpime dakika ya 1 na ya 3. Tumia mkono uleule, na akiwa amesimama mkono uegemezwe usawa wa moyo, maana ukining'inia namba zinapanda kwa uongo. Andika na mapigo ya moyo kila mara. Fanyeni asubuhi anapoamka, ndipo tatizo huonekana vizuri zaidi. Mtu mmoja asimame karibu naye na kiti kiwe nyuma yake; akianza kuyumba mkalishe, usisubiri dakika ya 3.

Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, jibu umelipata: presha inaporomoka akisimama. Mtu yeyote akisimama, damu ya nusu lita au zaidi huteremkia miguuni na tumboni. Kwa kijana, vihisio vilivyo kwenye mishipa ya shingo hugundua mara moja, mishipa ikajikaza na moyo ukaongeza kasi. Uzeeni mishipa hiyo imekakamaa, kwa hiyo taarifa inachelewa.

Bwana Shwari:
Mkuu, mimi ningeanza na maji. Asinywe kitu baada ya saa kumi jioni, hatakuwa na haja ya kuamka.

Mizani:
Hapana, hilo litamwangusha zaidi. Hisia ya kiu hupungua uzeeni na figo hazibani mkojo kama zamani, kwa hiyo wazee wengi tayari wana upungufu wa maji bila kujua. Asogeze maji mengi asubuhi na mchana, apunguze tu saa mbili za mwisho kabla ya kulala.

Kandili:
Nimepima leo asubuhi. Amelala: 154/86, mapigo 72. Dakika ya 1: 126/76, mapigo 75. Dakika ya 3: 120/74, mapigo 76. Vifundo vya miguu vinavimba jioni, sikuwa nimetaja.

Mtaa wa Dawa:
Hapo pana mambo mawili.

La kwanza, mapigo. Namba ya juu imeshuka 34, moyo umeongeza mapigo 4 tu. Mtu aliyepungukiwa maji peke yake moyo wake ungekimbia. Gawanya ongezeko la mapigo kwa kushuka kwa presha: 4 kwa 34 ni kama 0.12, na chini ya 0.5 unashuku mishipa ya fahamu inayoendesha moyo. (Hesabu hii haifai kwa anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo, kwenye orodha yako hakuna.) Kisukari cha miaka 16 kinatosha kuiharibu. Ombeni pia kipimo cha vitamini B12, kwa sababu metformini ikitumika miaka mingi huishusha, na upungufu wake unaharibu mishipa hiyohiyo.

La pili ni hizo dawa, na hapa ndipo ningekazia macho. Amlodipini ya miligramu 10 huvimbisha vifundo. Mchana maji yanakaa miguuni, usiku akilala yanarudi kwenye damu, figo zinayatoa, anaamka kukojoa. Juu ya hapo kameza dawa ya kukojoza jioni! Akisimama, tamsulosini imelegeza mishipa, na amitriptilini nayo inashusha presha, inaleta usingizi mzito na inaweza kuzuia mkojo kwa mwenye tezi dume. Yaani kila kidonge kina sababu yake, ila vikikutana saa nane usiku vinamwangusha.

Msikate dawa wenyewe. Pelekeni kwa daktari zile namba tatu pamoja na orodha yote, na muulize: ya kukojoza inaweza kuhamia asubuhi? Amlodipini inaweza kupungua? Kuna mbadala wa amitriptilini? Na msimwongezee vidonge vya mafua au vya usingizi vya kujinunulia. Diazepamu, dawa ya usingizi, kwa kijana hupungua nusu mwilini kwa takriban saa 20, kwa mtu wa miaka 80 inakaribia saa 90, kwa kuwa mafuta mwilini yameongezeka na ini limepungua kasi.

Mizani:
Wakati mnasubiri daktari: inueni kitanda upande wa kichwa sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali chini ya miguu ya kitanda. Mito haisaidii, inakunja kiuno tu. Alasiri alale kwa muda wa saa moja miguu ikiwa juu ili maji yatoke kabla ya usiku. Akiamka, achezeshe nyayo juu chini mara 20, akae ukingoni dakika 2, ndipo asimame. Chupa ya mkojo iwe kando ya kitanda, aitumie akiwa amekaa, kwa sababu kukojoa wima nako kunashusha presha. Soksi za kubana za kuishia gotini hazifanyi kazi kubwa. Mkanda mpana wa tumbo una faida zaidi, avae mchana na kuuvua akilala.

Kandili:
Asanteni sana. Akianguka tena nimwinue vipi?

Mtaa wa Dawa:
Usikimbilie kumwinua. Mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, au hawezi kuunyanyua, chukulia nyonga imevunjika: mfunike asipate baridi, ita gari la wagonjwa. Akigonga kichwa na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, hospitali hata kama anaongea vizuri. Kama hana maumivu, ageuke ubavu, apige magoti na mikono, mwekee kiti imara mbele. Ashike kiti, aweke mguu wenye nguvu mbele, ajisukume, na kiti cha pili kiwe nyuma yake akae. Usimvute kwa makwapa, mabega ya wazee huteguka. Kisha rudia presha akiwa amelala, kabla hajasimama tena.