Naomba ushauri: hesabu ya moli inanipa asidi iliyokolea mara mbili

Mwalimu wa Jioni, Chake Chake
Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninasomesha masomo ya ziada ya kemia kwa wanafunzi wa kidato cha nne, nao wanajiandaa kwa mtihani wa vitendo. Wiki iliyopita tulipima ukolezi wa asidi ya hidrokloriki kwa sodiamu kaboneti. Tuliyeyusha gramu 5.3 za kaboneti tukapata lita moja ya mmumunyo, tukachota sentimita za ujazo 25 kwa pipeti, na bureti, mrija wa kupimia asidi inayomiminwa, ikatupa sentimita za ujazo 12.50 mara tatu. Moli moja ya kaboneti ni gramu 106, kwa hiyo mmumunyo una moli 0.05 kwa lita, na ndani ya zile sentimita 25 mna moli 0.00125. Kwa kuwa kila moli ya kaboneti huhitaji moli mbili za asidi, nilizidisha kwa mbili nikapata 0.0025, nikagawa kwa lita 0.0125, na jibu likawa moli 0.2 kwa lita. Lakini asidi ile niliizimua mwenyewe iwe 0.1! Nikiiondoa ile mbili, jibu linakaa sawa. Je, niwaambie wanafunzi waiache? Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Korija ya Makuti
Waalaykum salaam, maalim. Tatizo la wanafunzi wetu ni kwamba hawajaelewa moli ni nini. Marehemu mama yangu alikuwa akiuza kanga Darajani, naye alinunua kwa korija, yaani kanga 20, na wala hakuna aliyedhani kwamba korija ni aina ya kitambaa. Moli nayo ni idadi tu, isipokuwa ni kubwa mno, takriban 6.02 × 10²³. Hatuwezi kuzihesabu chembe hizo, kwa hiyo tunazipima kwa uzito, kama karafuu zinavyopimwa bila ya mtu kuhesabu punje. Mimi nilifahamu jambo hili nikiwa mtu mzima, nikamkumbuka mama na mabunda yake ya kanga hadi machozi yakanitoka.

Binti Wete
Maalim, kabla ya kuigusa ile mbili, tuambie mlitumia kiashiria gani, yaani dawa ya kubadili rangi inayoonyesha asidi imetosha, na kama mapovu yalitoka.

Mwalimu wa Jioni
Ahsante dada. Kiashiria kilikuwa cha kawaida, kilichokuwapo. Swali langu ni la hesabu, kwa sababu wanafunzi wanachanganyikiwa pale wanapoona mlinganyo unasema moja kwa mbili na matokeo yanasema moja kwa moja.

Babu wa Mkoani
Vijana, sisi tulisoma kwa shida na hatukulalamika. Skuli yetu haikuwa na kiashiria chochote, mwalimu akatuletea manjano ya jikoni. Tulichovya karatasi ndani ya maji ya manjano tukaianika, na ilipoguswa na maji ya sabuni ikageuka nyekundu. Mpaka leo nikiona doa la mchuzi kwenye kanzu linakuwa jekundu linapofuliwa, namuombea dua mwalimu yule. Subira ndiyo inayosomesha.

Binti Wete
Babu, dua yako nzuri Mungu aipokee, na manjano ni mfano bora wa kiashiria, ila hauwezi kumsaidia maalim katika kipimo hiki. Maalim, rangi ilitoka wapi ikaenda wapi?

Mwalimu wa Jioni
Ilikuwa ya waridi ikapotea kabisa. Naam, ilikuwa fenolfthaleini. Methili oranji, kiashiria kingine, ilikuwa imekauka ndani ya chupa, na sikuona sababu ya kuwarudisha watoto majumbani mikono mitupu. Na kwa kuwa mmenibana, nitasema lililobaki: nilikwisha kuwaambia wafute 12.50 waandike 25.00, ili jibu litoke 0.1 na ile mbili ibaki. Msinihukumu haraka. Mtihani uko karibu, na nilichelea wasije wakaacha kuuamini mlinganyo ulio sahihi.

Binti Wete
Basi hesabu yako haikuwa na kosa, na mlinganyo pia hauna kosa. Kaboneti hupokea asidi kwa hatua mbili. Kwanza inageuka bikaboneti kwa moli moja ya asidi, na hapo pH, yaani kipimo cha uasidi, huwa karibu na 8.3, ambapo fenolfthaleini hupoteza rangi. Kisha bikaboneti hupokea moli ya pili na kutoa kaboni dayoksaidi, na mwisho wa hatua hiyo uko kwenye asidi zaidi, pale ambapo methili oranji hubadilika. Nyinyi mlisimama katikati ya njia: 12.50 ni nusu halali ya 25.00. Ndiyo maana nikauliza mapovu, kwa sababu mengi hutoka baada ya hatua ya kwanza. Na ukiwaambia waiache ile mbili, siku watakapotumia methili oranji watapata 0.05, nusu ya ukweli.

Mpenda Hakika
Mimi nina shaka na kisa chote. Hakuna bureti inayompa mtu 12.50 mara tatu mfululizo, na watoto ndio wanaosoma. Naona hili ni swali la kwenye karatasi ya mazoezi, na mwenyewe ni mwanafunzi anayetafuta majibu kwa kujiita mwalimu.

Korija ya Makuti
Hata mimi nimeanza kujiuliza. Mwalimu gani asiyetaja kiashiria mwanzoni?

Mwalimu wa Jioni
Mwalimu aliyekuwa akijua ndani ya moyo wake kwamba kosa liko hapo. Masomo halisi ya bureti, yaliyomo katika daftari langu, yalikuwa 12.90 la majaribio, kisha 12.40, 12.60 na 12.50. Niliandika wastani kana kwamba ulijirudia, na ndugu yangu ana haki ya kutilia shaka. Mapovu yalikuwa machache mno, na mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini. Nilimwambia aendelee na kazi.

Mpenda Hakika
Nimekuamini, maalim, na ninaomba radhi. Warudishie watoto masomo yao ya bureti.

Mwalimu wa Jioni, baada ya siku tano
Nimepata methili oranji kidogo kwa mwalimu mwenzangu. Tumepima upya: la majaribio 25.60, kisha 24.90, 25.00 na 24.80, na kwa wastani wa 24.90 asidi ikatoka 0.1004. Mapovu yalitoka mengi. Niliwaeleza wanafunzi kwamba ile 25.00 niliitunga mimi, wala hawakuipima. Yule aliyeuliza kuhusu mapovu hakuwa amefuta, kwa hiyo tuliazima daftari lake, na wenzake wote wakainakili 12.50 kutoka humo.