Tupeane uzoefu: mavazi ya heshima kanisani, na moyo ulio ndani ya mavazi hayo

Binti Lidia:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumapili aliingia binti mgeni kanisani kwetu, gauni limeishia juu ya magoti. Mhudumu wa mlangoni akamfuata na kitambaa, akamtandazia mapajani bila hata salamu. Binti alikaa kidogo, akakikunja kile kitambaa vizuri, akakiweka kwenye benchi, akatoka. Na somo la siku hiyo lilikuwa mwana mpotevu! Katika Luka 15 baba anamkimbilia mtoto angali mbali, anamwangukia shingoni na kumbusu, ndipo anaagiza vazi lililo bora liletwe. Busu lilitangulia, vazi likafuata. Tangu Jumapili nawaza mpangilio huo.

Ninyi mlifundishwaje kujisitiri? Nani alikufundisha, na ilikujenga au ilikuumiza? Akina kaka nanyi semeni, mambo haya si ya akina dada peke yao.

Mama Tumaini:
Kitambaa hicho nakijua. Amina, nasoma.

Sauti ya Tatu:
Dada Lidia, umenigusa penye kidonda. Baba yangu alikuwa amelazwa, hali mbaya. Nilikesha naye hospitali, na asubuhi walipompeleka chumba cha upasuaji wakatuambia ndugu tusubiri nje. Nikaona nikimbilie kanisa lililokuwa jirani nikaombe. Nilivaa suruali na sweta, nguo nilizolala nazo kwenye kiti. Sikuwa na wazo lolote la mavazi. Nilikuwa na baba tu kichwani.

Ibada ilikuwa imeanza. Nilikaa mwisho kabisa, nikainamisha kichwa. Mhubiri akakatisha mahubiri. Akasema kuna watu wanaingia nyumbani mwa Bwana na roho ya dunia, wanawake waliojivika uanaume, na kwamba malaika hawawezi kukaa mahali pamoja na machukizo. Shingo zote ziligeuka. Akasema, "Wahudumu, msaidieni." Wakaja wawili, mmoja akanishika mkono, nikatolewa kama mtu aliyeiba. Nilimalizia maombi kwenye ngazi za nje.

Lakini naomba niseme na hili, kwa sababu nikisimulia nusu nitakuwa nimewaonea. Baada ya dakika chache mama mmoja mtu mzima alitoka kunifuata. Gauni lake lilifika kwenye vifundo, kichwa amekifunga vizuri. Alikaa pembeni yangu kwenye ngazi zile zile, akaniuliza, "Mwanangu, nani anaumwa?" Sikuwa nimemwambia chochote. Aliomba na mimi mpaka nikatulia, kisha tukarudi wote hospitali. Suruali yangu hakuitaja siku hiyo wala siku ya maziko ya baba. Kwa hiyo mimi sina ugomvi na magauni marefu. Aliyenitoa nje na aliyenifuata walivaa sawasawa.

Mjoli:
Machozi.

Mzee wa Baraza:
Pole sana binti yangu, na Mungu ampumzishe mzee. Mhubiri yule hakuwa na huruma, na mchungaji hakaripii kondoo aliyejeruhiwa. Hata hivyo tusiache Neno kwa sababu ya mtu mmoja aliyelitumia vibaya. Kumbukumbu la Torati 22:5 iko wazi kuhusu mwanamke kuvaa mavazi ya mwanamume, na mwanamume kuvaa ya mwanamke. Kizazi hiki kila kitu ni "Mungu anaangalia moyo".

Kaka Barnaba:
Shikamoo Mzee. Naomba tusome sura yote. Mstari wa 11 unakataza nguo iliyofumwa kwa sufu na kitani pamoja. Wa 12 unaagiza vishada kwenye pembe nne za vazi. Wa 8 unataka ukingo kuzunguka dari ya nyumba mpya. Ni nani kati yetu anashika yote hayo? Tena wakati wa Musa mavazi ya kila siku hayakugawanyika kuwa suruali ya mwanamume na sketi ya mwanamke. Kwa kawaida wote walivaa kanzu na majoho, tofauti ilikuwa katika namna ya kushona na kuvaa.

Mzee wa Baraza:
Marahaba mwanangu. Umesema vema: tofauti ilikuwapo, na watu waliijua. Hilo ndilo ninalolitetea. Mstari wa 5 unalitaja jambo hilo kuwa machukizo kwa Bwana. Vishada havikutajwa hivyo.

Kaka Barnaba:
Lakini suruali ya kike inashonwa kwa ajili ya mwanamke, Mzee. Mwanamume akiivaa kila mtu atashangaa.

Mama Tumaini:
Mmeanza. Dada anatusimulia msiba wake, ninyi mnapima suruali.

Mwalimu wa Jumapili:
Nichangie kidogo kwenye 1 Timotheo 2:9, maana ndiyo tunayopigana nayo zaidi, ile ya mavazi ya kujisitiri, adabu nzuri na moyo wa kiasi. Tuangalie Paulo alimwandikia nani. Timotheo aliachwa Efeso, mji wa bandari wenye biashara na utajiri mwingi. Wanawake wa tabaka la juu katika miji ya Kirumi walisukwa nywele kwa mitindo mirefu, zikapambwa kwa dhahabu na lulu, na kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Sasa katika kanisa lile lile walikuwamo watumwa (sura ya 6, mstari wa 1 na 2) na walikuwamo matajiri (6:17). Mtumwa aliyekesha akisuka nywele za bibi yake, asubuhi anaketi nyuma yake kwenye ibada. Hapo ndipo neno la Paulo linapochoma. Sisi tumelifanya liwe la urefu wa sketi tu, wakati orodha yake yote ni ya vitu vya gharama: dhahabu, lulu, nguo za thamani. Mtu anaweza kufunikwa kutoka shingoni mpaka kwenye nyayo na bado akawa ameuvunja mstari huo vibaya sana.

Na wanaume, someni mstari wa 8 unaotangulia. Paulo anaanza na sisi: tuinue mikono iliyotakata pasipo hasira wala majadiliano. Sijawahi kuona mhudumu anasimama mlangoni kumzuia mwanamume aliyeingia na hasira.

Mjoli:
Mwalimu, huo mstari wa 8 nitauhubiri.

Nuru:
Nimekuwa nikisoma tu. Mwalimu ametaja hasira ya wanaume, nimeshindwa kunyamaza.

Mimi ndiye niliyekuwa mfano wa kujisitiri katika kanisa letu. Wasichana waliambiwa, "Mwangalieni mama yule." Mikono mirefu hata wakati wa joto, kola ya juu, kilemba mpaka kwenye nyusi, sauti ya chini. Niliombwa kufundisha somo la mavazi kwenye semina ya wanawake, nikafundisha. Walinisifu sana.

Mikono mirefu ilificha alama za vidole. Kilemba kilishuka kwa sababu kuna kovu. Mume wangu alikuwa kiongozi, anaheshimika, anaomba kwa machozi. Alikuwa anachagua yeye nguo zangu za Jumapili, kulingana na mahali alipopiga Ijumaa. Na kila nilipoinamisha macho watu walisema, tazama roho ya upole na utulivu, 1 Petro 3:4. Ilikuwa hofu, wapendwa. Utulivu wa mtu anayesikiliza hatua za mtu mwingine ndani ya nyumba.

Siku nilipopata ujasiri nikamweleza mama mmoja wa uongozi, nikapandisha mkono wa gauni kumwonyesha. Alinishusha mkono haraka na kusema, "Jisitiri mama, usimvue mumeo nguo hadharani." Neno lile lile nililowafundisha mabinti.

Nimeondoka. Niko kwa ndugu zangu mimi na watoto. Bado naokoka, bado navaa gauni refu kwa sababu nalipenda. Mikono naivaa mifupi.

Sauti ya Tatu:
Dada yangu. Uko salama? Anajua ulipo?

Mama Tumaini:
Ee Mungu wangu. Nuru mwanangu, ulifanya vema kuondoka. Usirudi kwa maneno matamu.

Kwa Neema:
Pole dada. Lakini nakushauri kwa upendo, usivunje nyumba. Funga na kuomba, tafuteni wazee wakae nanyi. Malaki 2:16, Bwana anachukia kuachana.

Kaka Barnaba:
Kwa Neema, wazee gani tena? Ameenda kwa uongozi ukamshusha mkono wa gauni! Dada, nenda polisi, na uende kwa daktari akuandikie majeraha yote, hata ya zamani.

Kwa Neema:
Polisi ni haraka mno kwa watu wa imani.

Mzee wa Baraza:
Naomba nijibu hili mimi, kwa sababu nimekaa katika mabaraza kama hayo kwa miaka mingi. Mpendwa, Malaki 2:16 umeukata katikati. Mstari huo huo unasema Bwana anamchukia pia anayefunika vazi lake kwa udhalimu. Basi soma sasa habari ya binti huyu: mikono mirefu, kola, kilemba, vyote vikiwa vimefunika udhalimu. Nabii alimwona mume huyo. Hakuna mzee mwenye kumcha Mungu atakayemrudisha mwanamke kwenye nyumba hiyo kwa maombi ya jioni moja. Anayepaswa kuitwa mbele ya baraza ni yule bwana, na kuvuliwa uongozi ni jambo la kwanza. Binti yangu, kaa kwa ndugu zako. Kaka Barnaba tunatofautiana kwenye suruali, hapa tuko pamoja.

Kaka Barnaba:
Ahsante Mzee. Kutoka moyoni.

Nuru:
Niko salama dada. Majeraha yameandikwa hospitali. Baba mzee, hakuna kiongozi aliyewahi kuniambia hayo. Nimeusoma mstari huo hapa nikiwa nimesimama.

Tena wa Pili:
Baada ya dada Nuru ni vigumu kuandika, lakini nitasema, kwa sababu nahisi tunasahau upande wa maneno. Kulikuwa na kipindi cha ushuhuda, kaka mmoja akashika kipaza sauti na kuanza: Bwana amenipa gari, Bwana amenipa nyumba ya pili, watoto wangu wanasoma nje. Kila sentensi inaanza na jina la Bwana na kuishia na mali yake. Pembeni yangu alikaa baba aliyekuwa ameachishwa kazi wiki ile, nami nilijua. Alishangilia kama wengine, kisha akatoka kabla ya sadaka. Suti ya yule shahidi ilikuwa ya heshima kabisa, hakuna ambaye angemletea kitambaa. Lakini mimi kwangu yule alikuwa hajajisitiri. Farisayo wa Luka 18 naye alianza kwa kumshukuru Mungu.

Kaka Barnaba:
Hilo kweli. Na mimi nikumbushe la shemasi wetu wa zamani. Vijana wa kikundi cha maombi walimpelekea malalamiko kwamba waimbaji wa kike wanawakwaza. Akawafungulia Mathayo 5:28 na 29, akauliza, "Jicho linaloambiwa ling'olewe ni la nani? La anayetazama au la anayetazamwa?" Walinyamaza. Ila hakuishia hapo. Siku nyingine akakaa na wale akina dada, mkewe akiwepo, wakasoma Warumi 14 juu ya kutomwekea ndugu kitu cha kumkwaza. Kila upande aliupa mzigo wake, na hakuna aliyetajwa mimbarini.

Mama Rozari:
Sisi Wakatoliki wa umri wangu tulikua tukifunika vichwa. Sheria ya Kanisa ya 1917 iliwataka wanawake wafunike kichwa kanisani; ile ya 1983 haina tena agizo hilo. Mimi bado nafunika, kwa 1 Wakorintho 11 na kwa mazoea ya sala. Mkwe wangu hafuniki. Tunakaa benchi moja, na anasali kuliko mimi.

Mzee wa Baraza:
Mama, kufunika ni agizo la mtume, si mazoea.

Mama Rozari:
Basi mimi nalishika, Mzee, naye namwachia Mungu wake.

Mwalimu wa Jumapili:
Tukirudi kwenye gharama: John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, katika karne ya 18 alihubiri kuhusu mavazi, na hoja yake kuu ilikuwa maskini. Unachookoa kwenye nguo zako kinaweza kumvika aliye uchi. Ningependa tufundishe mabinti na vijana wetu kwa kuanzia hapo. Kijana anayejua kwamba kuna mtu anatetemeka kwa baridi atachagua nguo tofauti na kijana anayejua tu kwamba kuna mtu anamchungulia.

Fundi Cherehani:
Mimi nashona sare za kwaya, nitoe la kazi. Kosa kubwa ni kuchagua mkato mmoja kwa waimbaji wote. Gauni lile lile kwa mwembamba linakaa kwa adabu, kwa mnene linabana, kisha huyo mnene ndiye anayeitwa na kuonywa. Anaonywa kwa mwili aliopewa na Mungu! Mpimeni kila mtu peke yake. Apimwe amesimama, amekaa, ameinua mikono juu kama anasifu. Kitambaa chepesi kiwekewe bitana, msitegemee gagulo, maana taa ikiwa nyuma ya mwimbaji inaonyesha kila kitu.

Sauti ya Tatu:
Fundi, ahsante. Sisi tunabadilisha sare mwezi ujao. Mpasuo wa nyuma tuuondoe kabisa?

Fundi Cherehani:
Msiuondoe, mtashindwa kupanda jukwaani. Uwekeni mfupi, na ndani yake kipande cha kitambaa kile kile kilichokunjwa, ili ukifunguka kisionekane kitu. Jukwaa lenu lina ngazi?

Sauti ya Tatu:
Lina ngazi, waimbaji wa sauti ya kwanza wanasimama juu kabisa.

Fundi Cherehani:
Basi hao pindo lao lishuke vidole viwili zaidi ya wengine. Ukitazama kutoka chini yataonekana yamelingana.