Siku sita za pikipiki: Lushoto hadi Mtae, nyuma ya Upare, au Makete? Naomba ushauri

KonaKali
Wakuu habari za leo. Nina likizo fupi inakuja na nimechoka na mizunguko ya kila mwaka: Bagamoyo kula samaki, Mikumi kupiga picha twiga wa barabarani, Moshi kwenda kwenye maporomoko na kukuta foleni ya watalii wanasubiri zamu ya kujipiga picha. Safari hii nataka pikipiki, milima, na barabara ambayo mtu unayekutana naye amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe, sio kamera. Nimechuja, zimebaki tatu:

1. Mombo, Soni, Lushoto, kisha Magamba na kuendelea mpaka Mtae na Mambo.
2. Same, halafu nyuma ya milima ya Upare: Kisiwani, Gonja, Ndungu, kutokea Mkomazi mjini (sio hifadhini) kwenye lami.
3. Iringa, Makambako, Njombe, Makete, Kitulo, na nguvu zikibaki kushuka Matema, Ziwa Nyasa.

Siku sita, kwenda na kurudi. Ipi? Naomba kuwasilisha.

Spana14
Pikipiki gani? Mwezi gani? Unatoka wapi? Uko peke yako au umepakia? Mnauliza njia kama mnauliza bei ya nyanya.

DadaWaSoni
Spana leo umeamkia upande gani 😂 Mwache mgeni apumue.

KonaKali, mimi ni wa huko kwa hiyo nipendelee tu. Mombo kupanda Soni ni lami, kama kilomita 30 hivi mpaka Lushoto mjini, kona juu ya kona, mto uko chini yako muda wote. Watalii wapo Lushoto, sikatai. Wengi wanaishia Irente, wanaangalia bonde, wanakula jibini, wanarudi. Ukishavuka msitu wa Magamba ukaingia vumbi, umewaacha. Kutoka hapo mpaka Mtae ni kama kilomita 60 na usizikimbilie. Mtae kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, nyumba zimepangana kama watu wamekaa kwenye benchi, na kila upande ni shimo. Asubuhi unakuta mawingu yamelala chini yako, tambarare ya Mkomazi huioni kabisa. Ikifika saa nne yanafunguka taratibu.

Angalizo moja tu: malori ya kabichi na karoti yanashuka Soni usiku na alfajiri. Wewe panda mchana.

Mzee wa AG
Vijana, salamu. Nilikuwa bwana shamba wilaya ya Same miaka mingi, na barabara hiyo ya pili nimeipita kwa Yamaha AG mara ambazo sijazihesabu. Hakuna mtalii huko. Ukitoka Same kuelekea Kisiwani, kulia kwako ni milima ya Upare, kijani, mifereji inashuka. Kushoto ni tambarare ya Hifadhi ya Mkomazi mpaka macho yachoke. Unafika Ndungu kwenye mashamba ya mpunga, unakula wali wa pale pale. Ukipenda kupanda, ipo njia ya Mamba Myamba, wanakolima tangawizi. Nilikuwa nikirudi nyumbani mke wangu anajua nimetoka wapi kabla sijasema, kwa harufu ya begi.

Pikipiki iliyofaa kule ni AG. Cheni yake imefunikwa yote, vumbi haliingii, ina stendi pande zote mbili, kwa hiyo mlimani unaegesha popote. Hizi za siku hizi zina stendi ya upande mmja tu, ukiegesha vibaya inalala kama ng'ombe.

Spana14
*mmoja

Mzee, shikamoo. AG nzuri, lakini zilikuwa za miradi. Mtu wa kawaida anaitoa wapi leo?

Mzee wa AG
Marahaba. Kwenye minada ya serikali zinapatikana. Nanyi mna haraka mno, mnataka kila kitu kipya.

Nyasa_kwetu
Namba 3 bila kufikiri. Njombe mpaka Makete siku hizi ni lami, mashamba ya misonobari na viazi, hewa ambayo Dar hamjawahi kuivuta. Kitulo wanaiita Bustani ya Mungu, hifadhi tangu 2005, na ilianzishwa kwa ajili ya maua, si wanyama. Halafu unashukia Matema, mchanga, na Milima ya Livingstone imeingia moja kwa moja ziwani. Matema utakuta wazungu wawili, nao wamepotea.

Tena ukitaka kuwazidi wote: pakia pikipiki kwenye MV Mbeya II, nenda nayo mpaka Mbamba Bay, kisha rudi kwa Mbinga na Songea. Meli ya 2021 hiyo, inabeba abiria na mizigo. Ratiba ulizia bandarini, usiamini picha za ratiba zinazozunguka kwenye makundi.

Tifutifu
Nyasa_kwetu acha kuua watu.

Nisikilizeni. Mwaka juzi mwezi wa tatu nilifanya hiyo namba 3, peke yangu, 150 ya kawaida. Nikaambiwa maua ya Kitulo yanachanua kuanzia Desemba mpaka Aprili, nikasema basi Machi ndiyo yenyewe. Hakuna aliyeniambia kwamba maua na matope ni ndugu wa tumbo moja.

Njombe hadi Makete nilikuwa nacheka ndani ya helmeti. Lami safi, kona za kulala. Makete nikanywa chai nikasema leo nalala Tukuyu. Lami ilipoisha na mvua nayo ikaanza. Ule udongo wa juu ni mweusi, ukilowa unakuwa kama unga wa muhogo kwenye sufuria. Unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka tairi la mbele linagoma kuzunguka. Unashuka, unachokonoa kwa kijiti, unaenda hatua mia, unashuka tena. Nimefanya hivyo saa tatu nzima. Ukungu ukashuka, taa yangu inaangaza ukungu tu. Nikawa nasaidia na klachi kila kwenye mwinuko, mpaka nikaanza kusikia harufu ya kucha iliyoungua. Mkijua harufu hiyo mnajua safari imeisha.

Baridi sasa. Glavu zilikuwa za kitambaa, zimelowa. Vidole vya mkono wa kushoto vikakataa kukunja, nikawa nabana klachi kwa kiganja. Mwisho pikipiki ikawa inanguruma haiendi. Nikaisukuma mpaka kwenye nyumba yenye moshi. Bibi mmoja akafungua, akaniangalia, hakuniuliza jina. Nikakimbilia motoni kunyoosha mikono, akanipiga kofi la mkono: "Sio motoni! Weka kwapani kwanza." Nililala jikoni kwake pembeni ya mafiga, na viazi vya kuchemsha vilikuwa vitamu kuliko nyama yoyote niliyowahi kula.

Asubuhi lori la viazi likanichukua mpaka Uyole. Pikipiki imelazwa juu ya magunia, imefungwa kamba ya manila kama mbuzi wa Idd. Fundi alipofungua klachi, sahani zilikuwa nyeusi na laini kama kioo. Maua niliyaona, ndiyo. Nina picha mbili, zote zina kidole changu.

DadaWaSoni
Huyo bibi ulimrudia?

Tifutifu
Nilimtumia kanga na sukari kwa dereva wa lile lori. Kwamba zilifika, sijui. Namba ya simu hakuwa nayo.

Nyasa_kwetu
Pole, lakini kosa ni mwezi, si njia. Kule mvua ni msimu mmoja mrefu, Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, Mei bado panateleza. Nenda Juni mpaka Oktoba, vumbi tupu. Na ukitaka kupandia upande wa Chimala kwenda Matamba, kuna zile kona wanaziita Hamsini na Saba, unazihesabu mwenyewe.

Spana14
Juni na Julai kule juu kuna umande wa barafu asubuhi, majani meupe. Hilo mbona hulisemi?

Nyasa_kwetu
Koti linauzwa mtumbani Njombe, tena zuri.

Bolt_Nati
Wakuu, mimi nina wazo tofauti. Kwanini usumbuke na barabara kuu? Kitonga ile na malori ya Tunduma, Mikumi na mabasi nyuma yako yanapiga honi kwa sababu unaheshimu kibao cha mwendo. Pakia pikipiki kwenye basi mpaka Njombe, anzia pale. Watakuambia umwage petroli kwanza, basi. Kurudi hivyo hivyo.

Spana14
Hiyo siyo safari ya pikipiki, ni safari ya basi iliyobeba pikipiki.

Bolt_Nati
Afadhali ya basi kuliko ya gari la wagonjwa. Umeshawahi kupanda Kitonga lori moja linakupita na jingine linashuka bila breki?

Spana14
Nimepanda, na mibuyu ya Ruaha Mbuyuni kabla ya hapo usipoiona kwa pikipiki hujaiona. Kwenye basi umelala mdomo wazi.

Mzee wa AG
Msigombane. Bolt ana hoja.

Kibao_cha_50
Na trafiki je? Njia ya Iringa wamejaa. Beba leseni, bima na kikoti cha kuakisi. Faini ilishuka toka 30,000 mpaka 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22.

Bolt_Nati
Ile nilisikia ni ya bodaboda na bajaji. Wewe binafsi sina hakika.

Kibao_cha_50
Pikipiki ni pikipiki.

Bolt_Nati
Kamwambie trafiki hivyo hivyo.

KonaKali
Wakuu samahani, kazi zilinibana, nimerudi nakuta thread imefika Tunduma. Asanteni sana, Tifutifu pole mno.

Majibu: natoka Kimara. Naondoka baada ya Sabasaba. Pikipiki ni Boxer 150 ya 2019, tairi la nyuma limeanza kipara ila nitabadilisha. Na nimepakia, niko na shemeji yenu.

Spana14
Ehe! Hilo la mwisho ndilo lilikuwa la kwanza kusema.

Haya, hesabu. Kimara mpaka Makete ni zaidi ya kilomita 800. Boxer, watu wawili na begi, wastani wako ni 60 kwa saa ukiwa na bahati. Hiyo ni saa 14 kwenye kiti, yaani siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Unabaki na siku mbili za kufurahia, na moja kati ya hizo shemeji anauguza mgongo. Namba 3 ife hapa.

Lushoto ni kama 350. Usitoke kwa Kibaha na Chalinze, malori yatakumaliza. Katiza Goba, Madale, tokea barabara ya Bagamoyo, kisha Bagamoyo hadi Msata ni lami tulivu, kilomita 60 na kitu. Unaingia barabara ya Segera ukiwa bado mtu.

Nyasa_kwetu
Angeongeza siku mbili tu kazini...

Spana14
Likizo ni siku sita, kaka. Soma.

Mzee wa AG
Mimi naona aunganishe ya kwanza na ya pili. Siku mbili Lushoto na Mtae, ashuke Mombo, lami kidogo mpaka Mkomazi, aingie Ndungu, alale Gonja, atokee Same, kisha arudi na barabara kuu. Mwezi wa saba ni mkavu. Ila Kisiwani asipite jioni, tembo wa hifadhini huvuka kwenda mashambani, na tembo hasikii honi.

DadaWaSoni
Mzee hapo umesema. Lakini KonaKali, kushuka Soni na mtu nyuma usikanyage breki muda wote. Za Boxer ni za ngoma, zikipata moto zinakuaga. Giya ya pili, injini ikuzuie, breki uguse tu kwenye kona. Na jaza mafuta sheli ya Lushoto, mbele huko ni ya chupa za soda barazani.

Tifutifu
Ya chupa chuja na kitambaa. Na uangalie chini ya chupa kama kuna maji, yanakaa chini yanaonekana.

Bolt_Nati
Shokapu za nyuma kaza kabla ya kupakia. Chukua tyubu mbili, sio moja. Pampu ya baiskeli inatosha.

DadaWaSoni
Swali dogo tu. Shemeji umemuuliza anataka wapi?

KonaKali
...

Spana14
😂😂😂

KonaKali
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema milima hataki, kwao ni Mbulu, ameiona ya kutosha. Anataka Pangani, aone bahari isiyo na muziki. Nimemwambia kuna watu humu wamenisaidia siku mbili nzima, akasema niwasalimie.

Nyasa_kwetu
Ziwa Nyasa nalo lina mawimbi, mwambie.

DadaWaSoni
Pangani unaweza kuanzia Muheza, ukipitia Amani kwanza. Msitu ule hana ubishi nao hata mtu wa Mbulu. Ukija kwetu Soni siku nyingine nitakuelekeza.

Kibao_cha_50
Pangani ukivuka na kivuko, pikipiki unashuka kwanza, hukai juu yake.

Bolt_Nati
Mzee wa AG, samahani natoka nje ya mada. Hiyo AG yako ipo bado au uliiuza?

Mzee wa AG
Ipo. Inahitaji kabureta na tairi mbili. Kwa sasa kuku ndio wanalala juu yake.

Bolt_Nati
Unaiuza?