Best Defense ya 1984: jalada Eddie Murphy, ndani hovyo kabisa

Wakuu,

Nina hasira na sitazificha. Jumamosi nilimwahidi mzee wangu muvi ya jeshi ya kuchekesha. Mzee ni askari mstaafu, aliingia Uganda na jeshi letu mwaka 1979, siku hizi magoti yamegoma na starehe yake iliyobaki ni tivii. Nikapita kwa vijana wanaojaza muvi kwenye flashi, nikaona jalada lina Eddie Murphy. Eddie Murphy wa 1984, wakuu! Katoka kuwasha moto na 48 Hrs., katoka Trading Places. Hapo unauliza nini tena? Nikalipa, nikapitia karanga, nikarudi nyumbani mbio.

Steringi siyo Murphy. Steringi ni Dudley Moore, Mwingereza mfupi, mhandisi kwenye kampuni inayounda kifaa cha kulengea shabaha cha kifaru. Murphy ni luteni aliyepelekwa Kuwait kukiendesha kifaru hicho miaka miwili baadaye. Anatokea, anapiga kelele ndani ya kifaru, anapotea. Unarudishwa ofisini kwa Moore unakaa huko mpaka umsahau, halafu anatokea tena. Na hawa wawili hawakutani. Muvi nzima hakuna hata sehemu moja wamesimama pamoja, hata simu hawapigiani.

Nikaenda kutafuta sababu, na sababu ndiyo imeniwasha zaidi. Muvi ilikuwa imeshapigwa bila Murphy. Wakawaonyesha watazamaji wa majaribio, watu hawakuipenda. Badala ya kurudi kuitengeneza, wakamchukua kijana anayevuma kuliko wote wakati ule, wakampiga picha zake pembeni, wakazibandika katikati ya muvi. Kwenye majina wakamwandika kama mgeni maalumu wa kimkakati. Yaani mkakati wenyewe wameutangaza: kututoa hela mfukoni. Walijua mzigo umeoza wakaufunga kwa karatasi mpya. Murphy mwenyewe Desemba ya mwaka huohuo alipanda jukwaani Saturday Night Live, kile kipindi cha vichekesho cha tivii ya Marekani, akaiponda mbele ya watu. Ikiwa mwenye sura kwenye jalada ameikataa, sisi tuitetee kwa lipi?

Lakini ya Murphy ningeyameza. Nisichoweza kumeza ni jinsi walivyoichezea hadithi.

Mhandisi huyu kifaa chake kimeshindikana. Mchoro mzuri wa kifaa kama hicho unaingia mikononi mwake kutoka kwa mhandisi wa kampuni nyingine, na yule mwenzake anauawa na majasusi wa Kisovieti. Yeye anakaa kimya, anapokea sifa. Mtu ameiba kazi asiyoielewa, na kuna askari ataingia kwenye kifaru kile akiamini aliyekiunda anajua anachofanya. Ukishika hadithi kama hiyo unataka nini tena? Wao wanaiacha pale wanakimbilia vituko vya ofisini, tamaa za wanawake, makelele.

Kuna mahali Murphy yuko ndani ya kifaru, vita imeanza, mitambo haimtii. Tulitakiwa kucheka. Nikamtazama mzee, hakucheka. Alichukua rimoti akaishika kama bunduki, akavuta kwa kidole gumba mara mbili, tatu, kama mtu anayeondoa risasi iliyokwama. Akasema, "Ikikugomea hapa, umebaki wewe na Mungu wako." Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa huyo aliyekitengeneza yuko wapi?" Nilikosa jibu, maana muvi ilishatupeleka ofisini kwa masihara mengine. Mzee akaweka rimoti kwenye kochi, akaenda kulala. Karanga hajazigusa.

Mtu asije kuniambia ni komedi tu, nisiichukulie kwa uzito. Kichekesho cha kweli kilikuwa mlangoni kwao! Miaka hiyohiyo jeshi la Marekani lilikuwa linaunda M247 Sergeant York, mizinga miwili ya milimita 40 juu ya gari la kifaru cha zamani cha M48, na rada iliyotokana na ile ya ndege ya F-16. Kazi yake ilikuwa kutungua helikopta. Mwaka 1982 wakaalika maofisa wa Marekani na Uingereza waje waone maajabu. Mtambo ulipowashwa, mizinga ikageukia jukwaa walilokaa wageni, maofisa wakajitupa chini. Agosti 1985 Waziri wa Ulinzi, Caspar Weinberger, akaufutilia mbali mradi, dola kama bilioni 1.8 zimeshateketea. Huhitaji kutunga hata neno moja! Mtu wa Hollywood alitakiwa kusoma gazeti la asubuhi tu.

Na tukija kwenye machungu, muvi hii ilionyesha Iraki inaivamia Kuwait, miaka sita kabla haijatokea kweli Agosti 1990. Vita ile ilipofika, tarehe 25 Februari 1991, kombora la Iraki aina ya Scud lilipiga kambi ya Wamarekani kule Dhahran, Saudia. Mtambo wa Patriot, wa kutungua makombora hewani, ulikuwepo wa kuwalinda. Kompyuta ya mtambo huo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na kila ikihesabu ilidondosha kichembe kidogo mno. Ikawa imewashwa saa zaidi ya 100 bila kuzimwa, vichembe vikajumlika vikafika kama theluthi ya sekunde. Kwa theluthi hiyo Scud inaruka zaidi ya nusu kilomita. Rada ikatafuta kombora mahali lisipokuwepo, ikaona hakuna kitu, haikufyatua. Askari 28 wakafa. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran kesho yake.

Kesho yake, wakuu.

Swali la mzee ndilo hilohilo. Aliyetengeneza yuko wapi? Best Defense ilikuwa na mtu huyo mkononi dakika zote tisini na ushee, ina jina lake, ina nyumba yake, ina mke wake, na ikashindwa kumuuliza swali ambalo askari mstaafu wa darasa la saba ameuliza akiwa kwenye kochi.

Nimeifuta kwenye flashi. Kwa yule kijana nitarudi, siyo kudai hela, nataka aache kuiweka mbele pale kama muvi ya Eddie Murphy.

Mwenye kuijua muvi ya jeshi inayochekesha na bado inamheshimu askari aitaje hapa. Iwe na vifaru ikiwezekana. Jumamosi haiko mbali na mzee ameshaniuliza mara mbili tutaangalia nini.