Mtoto kajiunga na skauti, mzazi unafanyaje? Tupeane uzoefu

Mama Pacha
Habari zenu wazazi wenzangu. Binti yangu ana miaka 10, kaapishwa uskauti juzi tu, na wiki tatu zijazo wanakwenda kambi yake ya kwanza, usiku 2. Nimepewa karatasi ya vitu vya kubeba. Begi nimeshalifungasha, nikalifungua, nikalifungasha tena. Baba yake ananicheka, anauliza anayekwenda kambini ni nani hasa kati yenu.

Mimi uskauti nilikuwa nauona kwa mbali, watoto na skafu zao shingoni, saluti ya vidole 3, basi. Waliotangulia naomba mnisimulie yaliyowakuta. Nadharia sitaki, nipeni mahali mlipokosea.

Baba Watatu
Dada, kosa lenyewe umeshalianza. Kwa nini begi unafungasha wewe?

Mwanangu wa kwanza nilimfungashia kila kitu kwa ustadi, hadi nikajisifu. Tochi nikaiweka mfuko wa pembeni, koti la mvua chini kabisa ili lisimsumbue. Mvua ikanyesha usiku wa kwanza. Mtoto akarudi nyumbani na mafua, koti limekunjwa vilevile kama nilivyolikunja. Namuuliza, ananijibu, "Kumbe lilikuwepo?" Tochi nayo hivyo hivyo, usiku alikuwa akienda chooni kwa kushika shati la mwenzake.

Wawili waliofuata walifungasha wenyewe. Vitu vyote vinatandazwa kitandani, mtoto anasoma karatasi kwa sauti, anachukua kimojakimoja anatia. Mimi nakaa kwenye kiti, mikono naikalia. Inauma, maana anakunja nguo kama anafunga takataka, lakini usiku gizani anajua mkono uende wapi. Mambo mawili tu ndiyo nayasimamia. Nguo za kulalia zikae peke yake ndani ya mfuko wa plastiki na zisivaliwe mchana hata iweje, kwa sababu mtoto akilala na nguo mbichi hata mablanketi matatu hayamsaidii. La pili, uzito. Avae begi atembee nalo uani. Likizidi moja ya tano ya uzito wake, yaani mtoto wa kilo 30 abebe zaidi ya kilo 6, kuna vitu vinarudi kabatini.

Nyayo
Nitasema neno moja: viatu. Msimnunulie mtoto viatu vipya wiki ya kambi. Mimi nilinunua, vizuri kweli. Matembezi ya siku ya pili alirudishwa amebebwa mgongoni, visigino vyote malengelenge. Viatu vikuukuu vinavyomkaa vizuri, au vipya alivyovivaa wiki kadhaa kabla. Na soksi za ziada, nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye karatasi.

Mama Pacha
Nimefungua begi tena 😂 Safari hii nimemwita mwenyewe aje. Kaanza kwa kutoa nusu ya vitu vyangu.

Asiyetaka Jina
Naandika hili kwa sababu najua kuna mzazi anasoma kimya na haulizi.

Kijana wangu alikuwa na miaka 9 na bado alikuwa anakojoa kitandani, si kila siku, ila mara moja au mbili kwa wiki. Kambi ilipotangazwa akasema hataki kwenda, uskauti umemchosha. Wiki nzima nilimwona mvivu. Siku moja dada yake ndiye akanifumbua macho: "Mama, anaogopa kulala na wenzake."

Nilimfuata kiongozi wao pembeni, moyo unanidunda kama mimi ndiye mwenye kosa. Yule kiongozi hata hakushtuka. Akaniambia kila kambi wapo kama huyo, tena zaidi ya mmoja, na wazazi wasiposema ndipo inakuwa tabu. Tukapanga hivi: mtoto alale karibu na mlango wa hema, jioni asinywe maji mengi dakika za mwisho, na kiongozi apite kabla hajalala kuwaambia hema zima, si yeye peke yake, "wote chooni." Nguo ya kubadilisha na mfuko wa plastiki vikae ndani kabisa ya mfuko wake wa kulalia, vikae tayari. Likitokea, anabadilisha humohumo ndani, anafunga mfuko, asubuhi anampa kiongozi "begi la nguo chafu." Hakuna anayejua.

Usiku wa pili lilitokea. Alinisimulia miezi mingi baadaye, tukiwa tunakunja nguo, kwa sauti ya kawaida tu. Sasa hivi ana miaka 13 na ni kiongozi wa patroli, kile kikundi kidogo cha watoto ndani ya kikosi. Juzi nimemsikia kwenye simu anamwambia kiongozi mwenzake, "Huyo mdogo mlaze karibu na mlango." Nilitoka nje kidogo, nikarudi.

Mstaafu wa Kikosi
Nimekaa na maskauti miaka mingi, niongeze kidogo upande wetu.

Wazazi huwa wanalalamika kwamba mtoto ameachwa ahangaike na hema huku mkubwa amesimama anatazama. Ni kweli tunatazama. Kazi ni ya patroli, watoto 6 hadi 8 wenye kiongozi wao ambaye naye ni mtoto. Jambo hili limekuwepo tangu mwanzo. Agosti 1907, kwenye kisiwa cha Brownsea kule Uingereza, Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alichukua wavulana wapatao 20, wengine wa shule za matajiri na wengine wa familia za wafanyakazi, akawachanganya katika patroli 4, kila moja na mkubwa wake. Hema likianguka saa mbili usiku, wanalisimamisha tena. Nikiwasaidia mimi, nimewaibia kambi yao.

Sasa suala la kukumbuka nyumbani. Usimwambie mtoto, "Ukishindwa nipigie, nitakuja kukuchukua." Unadhani unamtuliza, kumbe umemwambia unatarajia atashindwa, na tangu hapo anahesabu saa za kukupigia. Mwambie: "Ukikumbuka nyumbani, mwambie kiongozi wako, halafu omba upewe kazi." Mtoto anayechota maji hana nafasi ya kulia. Wanaolia hulia wakati wa kulala, na wengi wao asubuhi hawakumbuki. Wazazi waliokuja usiku kuchukua watoto, nimeona watoto wale wale asubuhi wakiwa wamekasirika kwamba walichukuliwa.

Mzazi Mgumu
Tochi na soksi sawa. Swali langu ni moja: watu wazima gani wanakuwa na watoto usiku, na wanalala wapi?

Niliuliza hivyo kwenye kikosi cha kwanza cha mwanangu. Kiongozi akanuna, akasema, "Huniamini?" Sikumwamini. Mtoto nikamtoa wiki hiyohiyo, na wazazi wenzangu wakaniona mkorofi. Kikosi cha pili sikuwahi hata kuuliza, kwenye kikao cha wazazi walianza wao: hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, siku zote wawili. Watu wazima hawalali hema moja na watoto. Hakuna kiongozi kumtumia mtoto ujumbe wa siri kwenye simu, mzazi awe anauona. Na kuna mtu ametajwa wa kupelekewa malalamiko, ambaye si kiongozi huyo huyo.

Tena mtoto mwenyewe mfundishe. Mwambie hakuna mchezo, adhabu wala "mila ya skauti" ambayo mama au baba anatakiwa kufichwa.

Mstaafu wa Kikosi
Mzazi Mgumu hapo nipo nawe mia kwa mia. Shirika la skauti duniani lina sera yake ya kuwalinda watoto na vikosi vinatakiwa kuifuata. Kiongozi anayenuna akiulizwa, hilo ndilo jibu lako. Mimi walioniuliza maswali magumu mwanzoni ndio waliolala usingizi mzuri watoto wao wakiwa kambini kwangu.

Dawa Mfukoni
Kama mtoto ana pumu, yaliyomkuta wangu: fomu ya afya ilijazwa, pampu nikaikabidhi, wakaifungia kwenye sanduku la huduma ya kwanza, funguo kwa mtu mmoja. Mtu huyo akaenda kuteka maji na patroli. Namshukuru Mungu lilikuwa shambulio dogo. Tangu siku ile pampu moja inakaa kwa mtoto mwenyewe, kwenye mfuko wa kaptula, na ya akiba ndiyo inakwenda kwa kiongozi. Dawa nyingine zote nampa kiongozi mkononi, ndani ya paketi yake, na karatasi: jina, kipimo, saa. Mwenye mzio wa chakula naye msiandike tu "ana mzio", andikeni akila inamtokea nini na afanyiwe nini.

Mama wa Msituni
Filimbi. Ifungwe kwenye kamba shingoni, si ndani ya begi. Wangu alipotea porini kwa muda mfupi, walikuwa wanatafuta alama. Alifanya alivyofundishwa: akakaa alipo, akapuliza mara 3, akatulia, akapuliza 3 tena. Wakamkuta ameketi chini ya mti amenuna kwa sababu wamechelewa. Laiti angeanza kutembea kuwatafuta tungekuwa tunasimulia hadithi nyingine.

Fundi Beji
Mimi ni yule baba aliyemtengenezea mtoto kazi ya beji, ile alama anayopewa skauti akionyesha amejifunza kitu. Nyumba ya ndege, nilipiga randa, nikapaka rangi. Kikosini kiongozi akamuuliza kwa upole, "Msumari huu ulianza kuupigia wapi?" Mtoto akanitazama. Mimi nikatazama dari. Alinyimwa, na alistahili kunyimwa. Ya pili aliitengeneza mwenyewe, imepinda, na kuna ndege wamehamia kwenye ile iliyopinda. Yangu mpaka leo ni tupu.

Umm Swala
Kuna aliyeniambia uskauti ni wa dini fulani. Nikauliza. Ahadi ya skauti inataja wajibu kwa Mungu, lakini kila mtoto anautimiza kwa imani yake. Niliwaandikia nyakati za swala, wakapanga ratiba. Semeni mapema tu, msisubiri siku ya kuondoka mbele ya basi.

Mama Pacha
Wamerudi jana jioni! Nawashukuru nyote, karatasi ya maswali ya Mzazi Mgumu nilikwenda nayo kwenye kikao na kiongozi akayajibu yote bila kununa.

Mtoto amelala saa 13 mfululizo. Nguo za kulalia zilibaki kavu. Aliniambia alilia "kidogo sana" usiku wa kwanza, kisha akapewa kazi ya kulinda moto na wenzake. Begi alilifungasha mwenyewe wakati wa kurudi, kwa hiyo nimekuta jani, jiwe, kamba yenye mafundo ambayo nimekatazwa kuifungua, na soksi ndefu ya kijani ya mguu mmoja ambayo si yake. Kama kuna mzazi humu mtoto wake amerudi na mguu mmoja, anitafute.